Majani ya Kwenye Mashimo ya Mihogo

Hapana Adela, sikwenda kutembea. Umesema mbele ya wenzako kwamba siku sita za kuhesabu majani ni siku sita za kula ugali wa watu, na kwamba majani ni majani, haya yakifa yataota mengine. Sasa kaa chini usome. Mengine hayataota. Huo mmea, tangu watu waanze kuuandika vitabuni, umeonekana sehemu tatu tu, na zote ziko huku kwetu, kati ya Kasulu na Kakonko. Na kitakachoandikwa kwenye fomu kuhusu sehemu hizo ndicho kitakachoamua nani ataruhusiwa kuingia kwenye yale maji na nani atafukuzwa. Fomu iko kwenye begi la Dokta Rehema, Dokta Rehema yuko gesti hapa hapa mjini, na kesho saa tatu asubuhi anaondoka kurudi Morogoro. Kwa hiyo haijaisha.

Wote mmeniuliza ilikuwaje. Naandika mara moja, mpeane daftari. Sina muda wa kusimulia mara nne.

Kasulu hadi Makere

Tulikuwa watatu. Dokta Rehema ni mtu wa Tanga, mtaalamu wa mimea ya majini, mama mkimya anayetembea na mwavuli hata kukiwa na mawingu. Bwana Shabani ndiye dereva, Mnyamwezi wa Tabora, yeye anaongea kwa ajili ya watu wawili. Na mimi nilichukuliwa kwa sababu najua Kiha na mwandiko wangu unasomeka. Hayo mawili tu, Dokta aliniambia mwenyewe siku ya kwanza, hakunipamba.

Tulipatana Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi. Saa kumi na moja na nusu mimi nimeshakaa barazani na gambuti zangu mguuni. Tuliondoka saa nne. Bwana Shabani alikuwa anatafuta tyubu, halafu fundi wa tyubu alikuwa anatafutwa na mke wake, sijui nini, mimi nilikuwa nimeshakasirika nikaacha kusikiliza.

Njiani Dokta alinionyesha picha. Mmea wenyewe mdogo, ukiuona unaweza kuucheka. Jani linaelea juu ya maji, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, na chini kwenye tope kuna kitunguu kidogo. Ua ni jeupe, linafunguka asubuhi, ikifika saa saba mchana limefunga. Jina lake la kitaalamu ni refu, sikulishika. Kazi yetu ilikuwa kufika kwenye kila sehemu kati ya zile tatu, kutandaza kamba kwenye vijiti vinne mpaka ipatikane mraba wa hatua moja kwa moja, kuhesabu miche iliyomo, kuhamisha kamba, kuhesabu tena. Tukimaliza, Dokta anajaza: mmea upo mwingi, upo kidogo, au haupo. Na kama unapungua, unapunguzwa na nini.

Bonde la kwanza liko pembeni ya Makere. Nilichomeka kijiti cha kwanza, nikageuka kuchukua cha pili, nikirudi cha kwanza hakipo. Kumbe nyuma yangu kuna mzee mmoja mwenye koti la mvua, ananifuata kimya kimya anang'oa. Nikachomeka, akang'oa. Nikamuuliza kwa Kiha ana shida gani. Akasema tangu kambi ya wakimbizi ya Mtabila ifungwe wanasikia kila siku kwamba ardhi itapimwa upya, na yeye ameshaona watu wa kamba, wakimaliza kupima inakuja trekta. Nikamweleza kuhusu ua jeupe. Akaniangalia kama ninayemdanganya vibaya, yaani hata uongo sijui kuutunga.

Mimi ningebishana naye mpaka jioni. Dokta hakubishana. Alimpa ncha ya kamba akamwomba amshikie. Basi yule mzee akashika ile kamba tangu hapo mpaka tunamaliza, akihesabu kwa sauti kuliko mimi, na tukipiga hatua vibaya anatukosoa.

Hakukuwa na mmea. Bonde lote limekuwa mpunga, safi, umenyooka. Dokta aliandika sifuri. Mzee alipoelewa kwamba sifuri ni jibu baya, alisikitika kama mwenyeji ambaye mgeni amekuta chungu kitupu, akatukatia miwa tukale njiani.

Daraja la Malagarasi

Kabla ya kufika darajani tulisimamishwa. Mnaijua ile barabara na majambazi wake, magari yalikuwa yanasubiriana mpaka yawe mengi, halafu askari wanapanda mawili matatu ndipo mnaondoka pamoja. Tulisubiri tangu saa nane hadi saa kumi na moja. Bwana Shabani alilala. Mimi nilizunguka gari. Nilihesabu magari, tulikuwa saba, nikamwuliza askari kwa nini saba hayatoshi, akasema, "Dada, una haraka ya kwenda kuolewa?" Watu wa malori wakacheka. Nikarudi garini.

Lakini tulikula vizuri. Kulikuwa na mama lishe kwenye kibanda cha nyasi, ugali wa muhogo na samaki, migebuka, kwenye mawese. Dokta alinusa ugali kabla ya kuuonja. Kwao Tanga wanakula muhogo wa kuchemsha na wa kukaanga, huu wetu unaonukia uchachu hakuwa ameuzoea. Nikamweleza kwamba muhogo wetu ni ule mchungu, ukiula hivi hivi unakuua. Lazima umenywe, uloweke kwenye maji siku tatu nne mpaka ulainike, ndipo uanikwe uwe udaga, ndipo usagwe. Hakuna shimo la maji, hakuna ugali. Dokta alisikiliza, akamega tena, na safari hii akamaliza. Yule mama lishe akaniambia nimwambie mgeni wangu kwamba anayenusa chakula chake huwa anaongezewa, akamwongezea.

Bonde la pili lilikuwa chini ya kijiji kimoja ng'ambo ya mto. Hatukuweza kuingia bila mwenyekiti wa kijiji, na mwenyekiti alikuwa msibani, kijiji cha tatu kutoka hapo. Jumanne yote ikaliwa. Tulikaa kwenye benchi la ofisi yake tukiangalia kuku. Kila mtu aliyepita alisema anakuja sasa hivi. Alikuja jioni, mtu mpole sana, akatuomba radhi kwa kufiwa. Jumatano asubuhi tukaingia majini, mafunjo yamesimama kama ukuta, giza chini yake, hakuna kinachoelea. Sifuri ya pili.

Dokta alivua gambuti akamwaga maji, akasema, "Imebaki Kasanda, kwenye mashimo ya mihogo." Tukapanda gari kwenda Kibondo.

Kibondo

Hapa ndipo nilipofanya nilichofanya, na naomba msome mpaka mwisho kabla ya kunisema.

Dokta ana sheria yake moja, na aliirudia tangu Kasulu: hatutangulizi taarifa. Tukifika, tumefika. Alisema watu wakijua unakuja wanakutayarishia, na yeye hataki kilichotayarishwa, anataka kilichopo. Niliitikia. Lakini mimi ndiye niliyekuwa nimekaa kwenye lile benchi siku nzima naangalia kuku, na nilijiambia haitatokea tena. Mjomba wangu anauza nguo Kakonko, anamjua kila mtu. Nikampigia, akanipa namba ya mwenyekiti wa kile kijiji cha kata ya Kasanda. Jina la kijiji silitaji, nisije nikawaponza.

Nilikwenda nyuma ya gesti, karibu na tangi la maji, nikapiga. Nilijitambulisha vizuri kabisa. Nikasema sisi ni watu wa ofisi, tunakuja na Daktari, tunakuja kuangalia yale mashimo ya kulowekea mihogo bondeni, tunataka kuona majani yaliyomo ndani, kwa hiyo awepo na kina mama wenye mashimo wawepo. Akasema, "Tumepokea, mheshimiwa." Mimi, mheshimiwa. Nilirudi ndani natembea kwa mabega.

Siku ya pili yake gari lilikataa kuwaka, Alhamisi ikaenda kwa fundi. Sikukasirika hata kidogo, nilijua Kasanda kila kitu kimeshapangwa. Nilifua, nikala maandazi na chai ya tangawizi, nikamfundisha Dokta kusalimia kwa Kiha. Alikuwa anasema "mwakeye" kwa sauti ya Kitanga, inavutwa mwishoni kama kaswida. Mhudumu wa gesti alikuwa anajificha jikoni kucheka.

Kasanda

Tulifika Ijumaa saa mbili na nusu asubuhi, muda mzuri kabisa wa ua kuwa wazi. Mwenyekiti alikuwa amesimama barabarani amevaa koti. Kina mama wamejipanga, wamejifunga vitenge vya sherehe. Dokta akanitazama mara moja, sikumwangalia. Tukashuka bondeni.

Mashimo yalikuwa ishirini na moja, kando kando ya mkondo wa maji. Na yote yalikuwa safi. Simaanishi safi kiasi. Kingo zimechongwa kwa jembe, maji yametulia unaona mpaka chini, njia katikati imefagiliwa. Imefagiliwa na ufagio, bondeni. Hakuna jani moja juu ya maji.

Mwenyekiti akasema, "Mheshimiwa, tulianza jana alfajiri. Hakuna kaya iliyokosa."

Dokta alitembea mpaka mwisho wa mashimo, na kule kwenye ukingo kulikuwa na lundo kubwa la magugu yaliyong'olewa, mbuzi wawili wamesimama juu yake wanatafuna. Akawafukuza kwa mwavuli, akapiga magoti na sketi yake, akaanza kuchambua. Jani la ukubwa wa ukucha. Jingine. Jingine. Maua yaliyosinyaa yamekuwa kama karatasi iliyonyeshewa. Ulikuwa ndio wenyewe. Ulikuwepo mpaka Alhamisi alfajiri, tena kwa mamia.

Mimi nilibaki kwenye mashimo na kina mama. Mmoja wao, Mama Anonsiata, wazazi wake walitoka Burundi lakini yeye amezaliwa huku na karatasi za uraia anazo, alinivuta pembeni. Aliniona nimebadilika uso. Akaniuliza kwa Kiha kama hawakusafisha vizuri. Nikamwambia tulikuwa tunayatafuta hayo majani yenyewe. Alifikiri namtania. Halafu alipoona sitanii, akasema, "Mwanangu, si wewe uliyempigia mwenyekiti? Mtu wa ofisi akituma neno kwamba anakuja kuangalia majani kwenye shimo langu, nifikirie anakuja kuyasifia?"

Akanieleza. Miaka miwili iliyopita walikuja watu wa kukagua maji, kulikuwa na ugonjwa wa kuhara, wakakuta mashimo yana magugu, wakasema yakikutwa tena hivyo yatafukiwa yote. Tangu hapo kijiji kizima kinajua, ukisikia mgeni anakuja kuangalia maji, unaingia na jembe. Simu yangu ilipofika, mwenyekiti alipiga mbiu jioni ile ile. Mama Anonsiata mwenyewe alikuwa ameloweka mihogo ya harusi ya binti yake, aliitoa haijalainika ili asafishe shimo. Mihogo yote ile imeharibika.

Kisha akasema jambo ambalo nilipaswa kuliandika palepale. Akanipeleka kwenye mashimo mengine, juu kidogo ya mkondo, kumi na moja, ya watu waliohamia Kibondo kufanya biashara. Hayajaguswa tangu wahame. Matete yameziba, huoni hata maji. Akayatenganisha kwa mikono niangalie. Hakuna jani hata moja la ule mmea.

"Tukiacha kusafisha, matete yanaziba na haya yako yanapotea," alisema. "Tukisafisha, mihogo ya pili ikitoka majini yameshajaa tena. Mwaka wote yanatusumbua. Sisi tunavuta majani, vitunguu vinabaki kwenye tope."

Nilivua gambuti nikaingia kwenye shimo lake. Maji ya baridi mpaka magotini. Nikakanyaga taratibu, na chini ya nyayo nikavisikia, vidogo, vigumu, vingi, kama nimekanyaga maharage yaliyomwagika. Nilitaka kupiga kelele ya furaha. Mmea hauishi pale licha ya wale kina mama. Unaishi kwa sababu yao, kwa majembe yao.

Dokta akaja na majani matatu ameyabana kwenye gazeti. Aliniuliza yule mama anasema nini.

Adela, mimi ndiye mkalimani. Mtu aliyekuwa anajua Kiha na Kiswahili vyote viwili, na aliyeitiwa kazi hiyo, ni mimi. Na maneno ya Mama Anonsiata yalikuwa yanaanza na simu. Huwezi kufika kwenye vitunguu bila kupita kwenye simu. Nikamwambia Dokta, "Anasema walisafisha kwa ajili ya usafi tu." Basi. Mengine yote nikayameza pamoja na lile la simu.

Nilijaribu kumwonyesha vitunguu. Akasema kitunguu bila jani hakihesabiki, kwenye tope kuna vitunguu vya mimea mingi, na nitajuaje hivi ni vya upi? Jibu lilikuwa kwa Mama Anonsiata, amesimama hatua mbili kutoka kwangu, anasubiri nitafsiri. Alimwangalia Dokta, akaniangalia mimi. Nadhani alielewa. Kiswahili anakisikia, hata kama kukiongea anaona aibu.

Dokta akamwuliza mwenyekiti nani aliwaambia tunakuja. Mwenyekiti akasema walipigiwa simu kutoka ofisini. Hakuniangalia. Mtu mzima yule, alinihifadhi, na mimi nikamwacha anihifadhi.

Walitulisha, hata baada ya yote hayo. Ugali wa udaga, maharage, kuku mmoja kwa wageni watatu. Nilikuwa namega vipande vidogo vidogo, Mama Anonsiata akaniambia nisione haya, niongeze mchuzi.

Kurudi Kasulu

Leo njiani Dokta alijaza fomu kwenye mapaja, gari linaruka yeye anaandika. Alinipa ninakili kwa mwandiko unaosomeka, si ndiyo kazi yangu. Nimenakili kwa mkono wangu mwenyewe. Sehemu ya kwanza: haupo. Sehemu ya pili: haupo. Sehemu ya tatu: miche hai sifuri. Kinachouangamiza: wanawake wa kijiji wanaung'oa wanaposafisha mashimo ya kulowekea mihogo. Ushauri: mashimo yote bondeni yafungwe kwa uzio, watu wasiingie.

Kina mama ishirini na moja. Maji mengine ya kulowekea yako mwendo wa saa mbili kwa mguu, na muhogo mbichi ni mzito. Na wakifungiwa, matete yatafunga, na mmea wenyewe utakwisha ndani ya uzio wake. Niliandika yote hayo bila kukosea herufi.

Pale darajani tulisubiri magari tena. Dokta alikwenda kunawa. Bwana Shabani akageuka, kwa mara ya kwanza hakuwa na utani. Akaniuliza, "Yasinta, siku ile Kibondo, nyuma ya tangi, ulikuwa unaongea na nani?" Nikamwambia na mjomba. Akasema sawa. Akawasha redio.

Najua utakachosema Adela, umeshakisema mchana. Kwamba Dokta ameniahidi safari ya Mpanda mwezi ujao, na mtu aliyevunja sheria yake moja, halafu akatafsiri uongo, hapelekwi Mpanda. Kwamba kuna watu wakubwa wataisoma ile fomu na kuirekebisha. Wataisoma wapi? Wataujua mkondo ule kwa njia gani? Wamesikia nini kutoka kwa Mama Anonsiata? Wamesikia kwamba ni usafi tu. Nilichosema mimi.

Dokta si mtu mbaya. Yule aliyempa mzee wa Makere kamba badala ya kugombana naye atasikiliza, akipewa cha kusikiliza. Ataniangalia vile anavyoangalia, na ni haki yake.

Kwa hiyo kesho misa ya kwanza nitaikosa. Saa kumi na mbili na nusu nitakuwa kwenye mlango wake wa gesti, kabla hajanywa chai, kabla Bwana Shabani hajafungua boneti. Sitaanza na vitunguu wala na mashimo kumi na moja yaliyozibwa na matete. Nitaanza na simu, nani alipiga, alisema nini, neno kwa neno, halafu nitamtafsiria Mama Anonsiata tangu sentensi ya kwanza. Pale palipoandikwa wanawake wa kijiji nitamwomba afute, aandike Yasinta, na kama kalamu yake haitafuta ninayo ya kwangu.